Mchanga Chini ya Zahanati

Mimi ni fundi mwashi, na ukuta niliojenga mimi haupindi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba zahanati yetu ilikataliwa wanadhani fundi alikula saruji. Sikula hata mfuko mmoja. Kuta zile zimesimama mpaka leo, zimenyooka, madirisha yanatazamana vizuri, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kulala ndani yake. Aliyezikataa ni Danford Ndaki, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na habari ninayoitoa hapa ni yake.

Danford alizaliwa hapa kijijini, upande wa Migato, mtoto wa kiume pekee wa marehemu mzee Ndaki na mama Milembe, ambaye sote humwita Mayu Milembe. Baada yake alikuja msichana, Joyness, na baada ya Joyness hakuja mtu. Tangu utotoni Danford alikuwa na tabia moja iliyomfanya apendwe na walimu na ikamponza kwingine kote: hakujua kuomba. Alikuwa radhi aende shule na kandambili iliyofungwa kwa kamba kuliko kumwambia baba yake kwamba imekatika. Ukimtuma atakwenda, ukimpa atapokea kwa mikono miwili, lakini afungue mdomo aseme naomba kile, thubutu. Mimi niliyekuwa naomba hadi vipisi vya muwa vilivyokwisha kutafunwa nilimcheka sana.

Alisoma, akaenda chuo cha ufundi, akarudi akiwa fundi sanifu wa udongo. Akaajiriwa na kampuni moja Bariadi mjini inayopima ardhi kabla watu hawajajenga madaraja, matangi ya maji na majengo makubwa. Alipanga nyumba huko huko, akaoa, akawa anakuja kijijini na sukari na sabuni za mama yake. Tukimuuliza anafanya kazi gani hasa, anajibu: "Nagonga ardhi, nasikiliza." Tulidhani anatutania.

Habari ya zahanati ilianza na Joyness. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimshika katikati ya masika, na masika hapa kwetu hakuna pa kutokea. Upande mmoja kuna mto. Upande wa pili kuna mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na mvua ikinyesha unakuwa gundi. Gari halipiti, pikipiki haipiti. Joyness alipelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kuelekea barabara kuu, mtoto akafia tumboni njiani, na yeye mwenyewe akaponea chupuchupu. Daktari alimwambia Mayu Milembe waziwazi kwamba binti yake akija kujifungua tena mbali na mtu mwenye ujuzi, hatapona.

Mayu Milembe hakulia mbele za watu. Alikwenda kwenye mkutano wa kijiji, kitenge kimekazwa kiunoni, akasimama. "Mmejenga ghala la pamba," alisema. "Mmejenga makanisa mawili. Mahali pa mwanamke kujifungulia hamna. Mimi kesho naanza kubeba mawe. Atakayenifuata anifuate." Kesho yake alibeba. Wanawake wakamfuata, na baadaye tukafuata sisi tulioona haya.

Kilichotusumbua ni kiwanja. Kijiji chetu kina ardhi za namna tatu. Kuna mwinuko, mgumu, wenye mawe na kokoto nyekundu. Huko ndiko ziliko kaya zote za zamani, na kila kaya imezika watu wake uani. Kuna mbuga, tunakolima pamba na mpunga. Na kuna luseni, mchanga mweupe wa kando ya mto, usiomfaa mtu yeyote isipokuwa watoto wa kucheza mpira. Kule kwenye mwinuko hakuna aliyetoa kiwanja, na hakuna aliyeombwa. Kwetu uani alikolala baba yako hakuhesabiwi kuwa kiwanja. Hakugawiwi, na mtu akikutamkia jambo hilo unajua amekuja kutafuta ugomvi. Mbugani nako kila mtu anajua nyumba hupasuka. Darasa la kwanza la shule yetu tulilijenga huko, ukuta ukafunguka mpaka mwalimu akawa anahesabu mbuzi wa watu kupitia ufa. Kwa hiyo tukaenda kwenye luseni. Mchanga haupasui nyumba, msingi unachimbika upesi, na maji ya wagonjwa yapo karibu, unachimba kidogo tu unayakuta. Tulijiona tuna akili sana.

Nikasimamisha kuta mpaka kwenye lenta. Hapo michango ikaisha, kama inavyoisha kila mahali; nchi hii imejaa kuta zinazongoja paa. Wakapatikana wafadhili walioahidi mabati, milango na vitanda, na tukaambiwa jengo likikamilika mkunga ataletwa. Lakini mwaka uliotangulia ardhi ilikuwa imetikisika kidogo. Ilikuwa asubuhi, vikombe vikagongana kabatini, kuku wakaruka, ikapita. Sisi tulisahau wiki ile ile. Wafadhili hawakusahau, maana watu wanakumbuka nyumba zilivyoanguka kule Kagera, wakasema hawatoi hata bati moja mpaka ardhi ipimwe kama itahimili tetemeko. Kazi ikapewa kampuni ya Danford.

Wakati huo Joyness alikuwa na mimba tena, changa. Mumewe Dastan alikuwa kwenye vibarua vya reli Malampaka, kwa hiyo yeye alikaa kwa mama yake kule juu kwenye mwinuko. Hesabu ya Mayu Milembe ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeielewa: mabati yaje kabla ya mvua, mkunga aje na mabati, Joyness ajifungulie pale. Aliposikia anayekuja kupima ni mwanawe alichinja jogoo.

Walikuja mwezi wa Agosti, mbuga ikiwa imekauka na gari linapita. Danford na wenzake wakasimamisha chuma cha miguu mitatu karibu na ukuta wangu, wakafunga nyundo nzito kwenye kamba, wakaanza kuipandisha na kuiachia. Nyundo inagonga bomba, bomba linashuka. Ardhi ngumu inataka kugongwa mara nyingi ndipo bomba lishuke kidogo. Ya kwetu haikutaka. Ilikuwa inaguswa tu, bomba linazama. Nilimtazama Danford usoni kila nyundo ilipoanguka, nikaona anakunja uso zaidi na zaidi. Kila baada ya hatua walitoa mchanga ndani ya bomba, wakaufunga kwenye mifuko ya plastiki. Chini kidogo mchanga ulitoka ukiwa unachuruzika maji.

"Kiangazi hiki maji yako hapa," aliniambia akinionyesha alama kwenye futi yake ya kamba. "Masika yatakuwa juu kabisa, chini ya sakafu yako."

"Si ndiyo vizuri? Wagonjwa watakunywa."

Hakucheka. Danford tuliyezoea angenijibu kwa utani, lakini siku ile aliokota mfuko wa mchanga akaenda kukaa peke yake.

Mkutano ulipoitishwa alikuja na beseni la mama yake. Alilijaza mchanga wa mtoni, akaumwagia maji mpaka ukaloa wote, akaweka tofali juu. Akatuambia tulibonyeze. Mzee Bundala, mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote huku kwetu, akalibonyeza kwa kiganja, tofali halikwenda popote. Kisha Danford akaanza kugonga ubavu wa beseni kwa ngumi, pole pole, ko, ko, ko. Maji yakapanda juu. Mchanga ukalegea mbele ya macho yetu, ukawa kama uji, na tofali likainama upande mmoja, likazama. Wanawake waliokuwa mbele walirudi nyuma.

"Punje za mchanga zimeshikana kwa kuegemeana," alisema Danford. "Katikati yake kuna maji. Ardhi ikitikisika zinaachana, maji yanabeba kila kitu. Ardhi haipasuki, inageuka uji. Jengo linazama na watu waliomo."

Mayu Milembe alikuwa ameketi mbele. "Hilo tetemeko linakuja lini, ng'wanone, mwanangu?"

"Sijui, mama. Hakuna ajuaye. Inaweza kuwa kesho. Inaweza kuwa wakati wa wajukuu wangu."

"Mvua inakuja Novemba," alisema Mayu Milembe. "Hiyo tunaijua sote."

Danford aliinama akalichomoa tofali kwenye uji ule. Hatari aliyoisema ilikuwa ya kweli, nililiona tofali kwa macho yangu. Hatari ya mama yake ilikuwa ya kweli pia, nayo ilikuwa imeketi pale pale karibu na mlango, imeshika tumbo. Mkutano ulivunjika kwa kelele. Mimi nilikwenda kunywa, maana nilikuwa nimeambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba kazi yangu nzuri imekaa juu ya uji.

Aliyetupa matumaini ni Mzee Bundala. Kwetu mtu akitaka uwanja wa kupuria mtama uwe mgumu, anaumwagia maji na kuupitishia ng'ombe mpaka ukaze. "Kijana amesema mchanga umelegea," alisema mzee. "Basi tuukaze." Ilikuwa akili ya wafugaji, na siku ile tuliiona ni akili kubwa. Walitoa ng'ombe wao akina Bundala, wakatoa akina Maduhu, wakatoa na wengine hadi ng'ambo ya mto. Ng'ombe walizungushwa kuta zile kutwa nzima, wakapitishwa vyumbani, wakaingizwa mpaka chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia, vijana wanapiga miluzi, vumbi limepanda hadi huwaoni. Wanawake walikuwa wanamwaga maji, ng'ombe wanarudi tena. Siku zilizofuata vivyo hivyo. Tulipomaliza, ardhi ile ukiipiga kwa kisigino inakuumiza mwenyewe. Mayu Milembe aliikanyaga huku na huku peku, akacheka, na ndiyo mara ya mwisho nimemwona akicheka.

Akampigia Danford simu. Akamwambia aje apime tena.

Angeweza kukataa. Alijua, na baadaye aliniambia alijua, kwamba kwato za ng'ombe hufika kina cha kiganja tu, na ubovu wa ardhi ile ulikuwa umelala chini zaidi, kule kwenye maji. Lakini mama yake alikuwa amemwomba, naye mtu akimwomba hakatai. Akaja na chuma chake cha miguu mitatu, na kijiji kizima kikaja, mpaka wagonjwa. Nyundo ya kwanza iliruka. Ya pili bomba halikusogea, watu wakapiga vigelegele. Mzee Bundala akavua kofia akawa anajipepea nayo kwa maringo. Wakaendelea kugonga, na ghafla bomba likapenya ule ugumu wetu wa juu. Danford akawaashiria wenzake waache nyundo.

Nyundo ikaachwa ikining'inia. Hakuna aliyeligusa bomba. Likaendelea kushuka lenyewe, kwa uzito wake tu, taratibu, mbele yetu sote, mpaka likasimama chini huko. Vigelegele vilikuwa vimekwisha zamani. Mtu mmoja nyuma yangu alisema "loo."

Sasa nitasema jambo ambalo siku ile sikulijua. Danford aliniambia mwenyewe, baada ya yote. Tangu siku ya kwanza alipoambiwa aje kupima alijua zahanati ingefaa kukaa wapi. Ilifaa kukaa kwao. Ule mwinuko wa Ndaki, wenye kaya ya mama yake, ni mwamba mtupu chini ya kokoto; alipochimba kaburi la baba yake alivunja mpini wa sururu. Kaya nyingine za mwinuko zimebanana, lakini ya Ndaki ina ua mpana, na njia ya kutoka mbugani inapita mlangoni. Tetemeko lingeutikisa mwamba ule kama linavyotikisa kila kitu, lakini usingegeuka uji. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba luseni haifai na kwamba mahali pengine patafutwe. Pengine wapi, hakuandika.

Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa kigugumizi ambacho hakuwa nacho. Angemwambiaje mama yake, mjane, avunje nyumba aliyoachiwa na mumewe? Watu wangesema msomi wa Bariadi amemfukuza mama yake. Angemwambiaje kwamba baba afukuliwe, au majamvi ya wagonjwa yatandikwe kandokando ya kaburi lake? Alikuwa amelipanga neno hilo mara nyingi njiani, akifika mlangoni linamkwama. Alingoja mama aulize. Mama hakuuliza, kwa sababu kwetu hakuna anayewaza kuuliza hilo.

Nina hasira na Danford mpaka leo. Nampenda, na nina hasira naye.

Wafadhili walipoipata ripoti hawakubishana. Walitushukuru kwa ushirikiano, wakapeleka mabati kwingine. Kuta zangu zikabaki na mbuzi.

Danford alikuja kwa mama yake mwezi wa Desemba, kabla mbuga haijafunga. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kumrudishia Mayu Milembe jembe. Alisalimia, "Mwadila, mayu," na mama akaitikia bila kumtazama. Danford akasema Joyness aje kukaa kwake Bariadi mpaka ajifungue, hospitali iko karibu, na mkewe Gloria amekwisha kutayarisha chumba. Lilikuwa jambo jema, na la akili, na lilikuja kwa mtu asiyefaa kulisema wakati ule.

"Wewe ndiye uliyemnyima mahali pa kuzalia," alisema Mayu Milembe. "Leo unampa chumba?"

"Mama, sikumnyima. Ardhi ile..."

"Ardhi ile tulibeba mawe mimi na yeye. Wewe ulikuja na nyundo." Akamgeukia Joyness, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni. "Ukitaka kwenda, nenda. Lakini ukienda kwake usirudi hapa."

Joyness aliendelea kuchambua mchele. Alikuwa msichana mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo, na alikuwa akimwogopa mama yake kama sote tulivyomwogopa. "Nitakaa tu, kaka," alisema. "Bado siku."

Mtu mwingine angebembeleza. Angepiga magoti, angemwita mchungaji, angempigia simu Dastan kule Malampaka aje amchukue mkewe kwa nguvu. Mimi ningelia machozi ya uongo. Danford alikuwa amesema mara moja na kukataliwa, na kwake hapo ndipo maneno yalipoishia. Aliacha sukari na sabuni kizingitini akaondoka. Mvua kubwa ilianza wiki ile.

Uchungu ulimshika Joyness mwishoni mwa Januari, saa za asubuhi, na mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mkunga wa jadi alimtazama, akatoka nje akifuta mikono, akasema hii siiwezi, mpelekeni. Tukafunga ng'ombe wa Bundala kwenye mkokoteni, tukaweka godoro, tukamfunika turubai. Tulikuwa wanaume wengi kwa sababu tulijua kazi iliyo mbele. Mbuga ilikuwa imejaa. Gurudumu lilikuwa likizama mpaka kwenye ekseli, tunalinyanyua, linakwenda kidogo, linazama tena. Ng'ombe mmoja alianguka akakataa kuinuka. Tukavuta wenyewe. Mayu Milembe alikuwa ndani ya mkokoteni amempakata binti yake kichwa, anamwambia kaza moyo, kaza moyo, na damu ilikuwa inapita kwenye mbao inadondokea kwenye tope. Mimi nilikuwa nyuma nasukuma, iliyokuwa ikidondoka ilikuwa inanipata mikononi.

Danford, aliyepigiwa simu asubuhi ile, alikuwa ametafuta gari Bariadi na alikuwa anatungoja barabarani. Tulimwona kwa mbali, ametoka kwenye lami ameingia mbugani kwa miguu, anakuja, anaanguka, anainuka. Alipotufikia mkokoteni ulikuwa umesimama. Mayu Milembe alikuwa ameshamfunika Joyness uso kwa kitenge chake mwenyewe. Mtoto hakuzaliwa.

Tukamrudisha nyumbani kwa njia ile ile.

Kwetu mtu huzikwa kwao, na Dastan, aliyekuwa bado njiani kutoka Malampaka, hakupinga. Tulimpimia Joyness mahali uani, kando ya baba yake, nasi wanaume tukaanza kuchimba asubuhi iliyofuata. Mvua ilikuwa imepumzika. Mahali pengine kwa mvua ile jembe lingezama lenyewe, lakini pale juu udongo ulikuwa wa kiganja tu, halafu kokoto, halafu jiwe. Tulipokezana sururu. Kila ilipogonga ilitoa mlio wa chuma, na mlio ule ulikuwa unasikika mpaka ndani walikokaa waombolezaji. Danford alishika zamu yake na hakutaka kuiachia. Shimo lilikuwa limemfika magotini, shati limeloa, viganja vimechubuka.

Wanawake hawasogei mahali kaburi linapochimbwa. Kwa hiyo tulipomwona Mayu Milembe ametoka nyumbani anakuja, peke yake, tulisimamisha kazi. Mzee mmoja alitaka kumzuia, akamtazama usoni, akaacha. Alikuja mpaka ukingoni mwa shimo.

"Danford. Ardhi hii mbona inakataa?"

"Ni ngumu, mama." Alijibu bila kuinua kichwa. "Ni mwamba."

"Kuna maji?"

"Hakuna."

"Tetemeko likija?"

"Itatikisika. Haitageuka uji."

Mayu Milembe alitazama ua wake, jiko lake, zizi, kaburi la mumewe lenye saruji niliyoisakafia mimi. Nilimwona anaelewa. Nilielewa pamoja naye, na nikatamani niwe mahali pengine popote.

"Ingebeba zahanati?"

"Ingebeba, mama."

"Ulijua lini?"

Danford aliweka sururu chini. "Tangu mwanzo. Kabla sijashusha nyundo kule mchangani."

"Na hukuniambia."

"Baba yuko hapa," alisema Danford. "Ni nyumba yako. Nilishindwa kukuomba."

Nilidhani atamlaani. Nilidhani ataanguka. Alisimama tu pale ukingoni, mwanamke mfupi, amejitanda kaniki.

"Ndaki amekufa," alisema. "Joyness alikuwa hai. Ungeniomba ningewapa yote, mimi ningelala chini ya turubai."

Kisha akageuka akarudi ndani kwa waombolezaji. Hakuna aliyemtazama Danford. Nikaingia shimoni nikamwambia anipe sururu, apumzike, hakunipa. Alichimba peke yake mpaka kina kikatosha, sisi tukiwa tumesimama kandokando tunaondoa mawe.